Vidukari na Kiberiti cha Anjelina

Mwezi uliopita walituita sisi wauza maua na miche wa Morogoro mjini kwenye semina ya siku moja, chini ya turubai, viti vya plastiki, soda moja na chapati mbili kila mtu. Mimi semina sizipendi. Nimeuza miti ya vyunguni karibu miaka arobaini, sasa kijana mwenye kishikwambi atanifundisha nini kuhusu mdudu? Lakini mwaka huu vidukari wamenitesa. Wamejaa kwenye milimau, wamejaa kwenye hibiskasi, majani yamejikunja, sakafu chini ya vyungu inanata kana kwamba mtu kamwaga soda, na wateja wa siku hizi wanageuza jani kwanza ndipo waulize bei. Nikasema haya, ngoja nikamsikilize huyo mtaalamu. Bwana shamba akaongea weee, akachora ubaoni, kisha akasema, "Sasa nawaletea mkulima mwenyewe, mama yetu kutoka Mlali, atuonyeshe yeye anafanyaje." Akasimama mwanamke wa rika langu, mwembamba, kitenge cha kijani, kandambili miguuni. Alitia mkono kifuani, akatoa kiberiti, akakiweka karibu na sikio akasikiliza, ndipo akakifungua. Nikaacha kutafuna chapati. Sikuwa nimemwona Anjelina tangu tukiwa wasichana, na mimi ndiye niliyesababisha akafukuzwa.

Nitasema ukweli hapa hapa mwanzoni, maana nimezeeka na uongo unachosha. Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa aibu. Kilikuwa wivu. Watu walipiga makofi, bwana shamba akamshika mkono akamwita "mwalimu wetu," na mimi Mwanaidi, bibi wa wajukuu saba, nikasikia kifua kinaniwaka vilevile kama mwaka ule. Nikauambia moyo wangu, wee, hujachoka tu? Aibu ilikuja baadaye, soda ilipokwisha, nikiwa nimekaa na chupa tupu mapajani nikikumbuka uani kwa Mama Skola.

Nilifikaje kwa Mama Skola, na nilitokea nyumba gani, hayo tuyaache. Ngerengere si mbali, treni ilikuwepo, nikapanda. Mama Skola alikuwa mjane Mkatoliki, mnene, miguu imemvimba, na sauti yake akiita mtu wa nyumba ya tatu anaitika. Nyumba yake ilikuwa upande wa mji unaoanza kupanda kuelekea mlimani, na uani kote kulijaa vyungu: milimau mifupi, mikomamanga, waridi, hibiskasi nyekundu na za njano. Miti ile hakuiuza sana. Aliikodisha. Harusi, kipaimara, ofisi ya mkubwa anayetembelewa na mkubwa mwenzake, wote walikuja kwake kuchukua vyungu viwili viwili vya kuweka kushoto na kulia. Sisi wasichana wawili tuliishi chumba cha nyuma, kitanda kimoja cha kamba, dirisha dogo linalotazama safu za vyungu. Safu ya kushoto yangu, safu ya kulia ya Anjelina. Yeye alikuwa Mluguru wa vijiji vya juu ya Mlali, mdogo wangu kwa mwaka mmoja hivi, akaniita dada bila kulazimishwa. Alikuwa na tabia ya kunong'ona na miti kwa Kiluguru akiimwagilia, jambo ambalo mwanzoni lilinichekesha na baadaye likaniudhi hata nikawa naziba masikio.

Mimi nilianza kwa Mama Skola miezi miwili kabla yake, na katika miezi hiyo aliniita "wewe binti." Sikuona ubaya. Wewe binti lete ndoo, wewe binti mlango. Anjelina akaja, wiki ya kwanza tu, nikasikia kutoka jikoni, "Mwanangu, umekula?" Nikadhani kaja mgeni. Nikachungulia, namwona Anjelina kakaa kwenye kigoda cha Mama mwenyewe, anapewa ukoko. Anayejua wali wa kuni anajua ukoko ni nini. Ule ubamba wa chini ya sufuria, wa rangi ya hudhurungi, una mafuta na chumvi, watoto wanapigania. Mama Skola aliukwangua kwa mwiko polepole, akaumimina kwenye kiganja cha Anjelina, wote, hata punje haikubaki. Nami nikaambiwa, "Wewe binti, sufuria hiyo, iloweke." Jamani, nililoweka ile sufuria kwa machozi. Leo naweza kucheka. Siku ile sikucheka, na kila Jumapili wali ulipopikwa nilikuwa nasikiliza mwiko unavyokwangua chini, nikijua anayekwanguliwa ni nani.

Vidukari walikuja na mvua za vuli. Kwanza unaona jani changa limejikunja, unadhani ni kiu. Unaligeuza, kumbe wamebanana huko chini, wa kijani, wadogo kuliko ufuta, wamechomeka midomo wananyonya. Kojo lao ni tamu, linadondoka, linashika masizi meusi, na sisimizi wanapanda kwa mistari kulifuata. Dawa niliyoijua mimi ilikuwa sabuni. Nilikwangua sabuni ya mche kwenye ndoo, nikachovya kitambaa, nikafuta jani moja moja, juu na chini, asubuhi kabla jua halijakaza, mpaka vidole vinakunjamana. Siku ile safu yangu inang'aa. Siku ya nne wamerudi. Nikajaribu majivu, nikajaribu maji ya ugoro yaliyonitapisha mimi kabla ya mdudu. Siku ya nne wamerudi. Anjelina alinitazama siku nzima, jioni tukiwa tumekaa kizingitini tunamenya mihogo akaniambia, "Dada Mwanaidi, wenye mali ni wale sisimizi. Wanawachunga hawa kama Mmasai na ng'ombe wake. Wanawakamua."

"Wee! Sisimizi anakamua?"

"Kweli tena. Na kwetu bibi hanyunyizi kitu. Kwenye maharage kuna wadudu wengine wanawala hawa. Wabaya wa sura, lakini ni askari. Nikienda nyumbani nitaleta."

Nilicheka mpaka muhogo ukanidondoka. Mdudu ale mdudu! Nikamwambia haya, lete hao askari wako, ila Mama usimwambie, atadhani unamwongezea wadudu, wafiche. Ushauri ule niliutoa kwa nia njema. Nimejiuliza mara nyingi, na bado naamini siku ile nia yangu ilikuwa njema. Basi Jumamosi akapanda kwao, Jumapili baada ya misa akarudi na kabichi kichwani na kiberiti kifuani. Alipokifungua nikaruka nyuma. Vidudu vyeusi, virefu, vina madoa ya rangi ya machungwa na miguu pembeni, vinatambaa kwa haraka. Akavimwaga kimoja kimoja kwenye safu yake, vilivyobaki akavifunika na jani, akaweka kiberiti chini ya mto wetu, na tangu hapo kila alipokwenda kwao alirudi na wengine. Aliniuliza kama anitilie na kwangu. Nikamwambia, "Mimi nina sabuni yangu."

Wiki mbili hazikupita. Safu ya kulia ilisafika. Majani yalinyooka, milimau ikatoa machipukizi, na mimi safu ya kushoto naendelea kukunjamana vidole. Mama Skola alipita akijikokota na fimbo yake, akageuza jani la huku, akageuza jani la kule. "Mwanangu huyu ana mkono wa baraka," alimwambia jirani aliyekuja kuomba chumvi. "Huyu mwingine anafanya kazi, siwezi kusema hafanyi, lakini mkono hana." Nilikuwa nyuma ya mlango na beseni la nguo. Wivu ni ugonjwa, wazee wamesema, lakini hawakusema unaanza wapi. Mimi uliniingia kwenye masikio. Ilifika mahali nikachukia anavyomeza chai, anavyokunja kanga yake, anavyosema dada. Usingizi alilala yeye, mimi nikabaki nahesabu pumzi zake.

Halafu ikatokea harusi. Mama alikuwa mgonjwa wa miguu, vyungu tulichagua sisi, na mimi kwa ubishi nikasukumia milimau miwili ya safu yangu, niliyoiosha jana yake. Katikati ya sherehe, maharusi wamekaa mbele, sisimizi wakashuka mitini wakampanda bibi harusi mgongoni. Alisimama akicheza na hakuna muziki. Mama Skola alirudishiwa vyungu na maneno ambayo siwezi kuyaandika. Jioni ile nilimsikia akimwambia jirani kwa sauti ya chini, ambayo kwake ni sauti ya watu wote: "Kazi inapungua. Ikipita Pasaka nabaki na mmoja. Mwingine atarudi kwao." Hakusema nani. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mimi kwetu palikuwa hapana pa kurudi, na kama pangekuwepo bado nisingetaka. Nilitaka kubaki pale, nikae kwenye kile kigoda, nikinge kiganja, niitwe mwanangu. Sikuwahi kutaka kitu maishani kama nilivyokitaka hicho, hata mume sikumtaka hivyo.

Uani, peke yake, kwenye nusu ya pipa lililojazwa udongo, ulisimama mkomamanga wa marehemu mume wa Mama Skola. Aliupanda yeye. Haukukodishwa, haukuguswa, na Mama kila asubuhi aliusalimia kabla hajatusalimia sisi. Wiki ile Kwaresima iko katikati, ukiwa umejaa matumba mekundu, vidukari wakaupanda. Tulikuwa tunakunywa chai ya mchaichai na magimbi. Anjelina kaenda bombani. Mama aliingia na kijitawi mkononi, kimejaa wale wa kijani. "Hawa wanatoka wapi?" akauliza. "Wewe binti, niambie, hawa wadudu wananitokea wapi?"

Nikaweka kikombe chini. Nikasema, "Mama, mimi sipendi kusemasema watu. Lakini angalia chini ya mto wetu, upande wa Anjelina."

Alikwenda chumbani na fimbo yake, akarudi na kiberiti, akakisukuma kwa kidole gumba. "Yesu na Maria!" Kikamdondoka mezani na vile vidudu vyeusi vikatawanyika kati ya magimbi. Mlangoni Anjelina na ndoo kichwani. Hakuitua hata, aliona kiberiti akaniangalia mimi.

"Nini hiki umeleta kwangu?" Mama akapiga kelele. "Nakupa chakula, nakupa kitanda, unakuja na wadudu kutoka mlimani unapandikiza kwenye miti yangu?"

"Siyo hao, Mama. Hawa wanakula wale. Ni askari."

"Mdudu ale mdudu mwenzake? Unaniona mtoto mimi?"

"Dada Mwanaidi anajua. Nilimwambia mwanzo kabisa. Muulize dada."

Mama akanigeukia. Alikuwa analia, yule mwanamke mkubwa, na nilivyomtazama niliona anataka nimwambie kwamba Anjelina anasema kweli. Alimpenda. Alikuwa ananiomba nimpe sababu ya kumwacha abaki. Hilo ndilo lililonimaliza. Kama angenitazama kwa hasira huenda ningesema kweli.

"Hapana, Mama," nikasema. "Wallahi sijawahi kusikia."

Anjelina akatua ndoo. Hakujitetea tena, wala hakunitukana. Mama alikusanya vile vidudu kwa ufagio, akavirudisha kiberitini akivishika kwa pembe ya kanga, akakitupa jalalani, akamwambia Anjelina aondoke, akaenda kujilaza. Mimi niliingia chumbani nikakaa kitandani, mgongo kwa dirisha, mpaka niliposikia geti. Kilichofanyika uani katikati hapo sikukiona. Kitanda kilikuwa kikubwa siku ile, na niliulalia mto wote, na nilitegemea furaha nikangoja, haikuja.

Ule mkomamanga nao ukaniwekea kitanzi. Mama aliniambia, "Sabuni usiutie, utaangusha maua. Lakini mti ukifa, na wewe funga mzigo." Sasa mtu asiye na sabuni afanye nini? Niliumwagilia shinani, nikausomea Fatiha, nikaogopa hata kuyatazama majani yake kwa karibu, maana kila nilipousogelea niliona ile ndoo kichwani kwa Anjelina. Siku zikapita. Asubuhi moja nikaona wadudu wadogo wekundu, mviringo, wenye madoa meusi, wazuri kweli, wanatembea juu ya matumba. Nikasema hao wamefuata maua. Nikageuza jani: safi. Jingine: safi. Pasaka ilipofika mkomamanga ulikuwa umewaka mwekundu mti mzima, na Mama Skola alisimama mbele yake na nguo za kanisani akanishika bega. Tukaingia jikoni. Akakwangua sufuria. "Haya mwanangu, kinga mkono," akasema, "kumbe baraka ilikuwa kwako." Nilikula ule ukoko. Ulikuwa mtamu, nisidanganye, na nilikula hadi mwisho. Nikabaki kwake mpaka anafariki, vyungu akaniachia mimi, na miche yote ya mikomamanga niliyowahi kuuza katika mji huu imetoka kwenye mti ule.

Sasa chini ya turubai, Anjelina akawa anawaambia watu kwa sauti ileile ya taratibu: huyu mweusi mbaya wa sura ndiye mtoto, akikua anakuwa yule mwekundu mwenye madoa, mmoja anamaliza vidukari wengi kwa siku, ukinyunyiza sabuni unamuua naye. Kumbe ni mmoja! Miaka yote hii nawaona wekundu kwenye ule mkomamanga, nawaona weusi kwenye ndoto, sijui kwamba ni kitu kimoja. Nikahesabu zile wiki. Nikajua wale wekundu wa Pasaka walitoka wapi, ila sikujua walifikaje, maana kiberiti nilikiona kwa macho yangu kikienda jalalani.

Watu walipoanza kuondoka nikabaki nimekaa. Akaja mwenyewe, akavuta kiti. "Mwanaidi wa Mama Skola."

"Umenijua?"

"Na unene wote huo nimekujua. Ulipoacha kutafuna chapati nikasema huyo ndiye."

Nikacheka, na kicheko kikageuka. Nikamwambia, "Anjelina, mimi ndiye niliyemwonyesha Mama kile kiberiti. Na niliapa uongo mbele yako."

"Najua. Nani mwingine alijua kinakaa wapi?" Alikuwa anakizungusha kile kipya vidoleni, hanitazami. "Nilikuchukia miaka mingi, nikafika mahali nina watoto, nina maharage, nikakosa nafasi. Ule mkomamanga wa mzee ulipona?"

"Ulipona."

"Enhee. Nilikiokota kule jalalani wakati natoka, nikawamwaga wote pale. Wewe ulikuwa ndani umenipa mgongo."

"Baada ya yote yale? Kwa nini?"

Akashangaa, kama nimeuliza swali la kitoto. "Mti ulikuwa na kosa gani?"

Vijana walikuwa wanakunja turubai upande wa pili, wanatuambia bibi zetu samahanini, viti. Tukasimama. Ndipo akauliza, akiwa anajifunga kitenge upya, na aliuliza kwa wepesi sana, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua: "Nilivyoondoka, alikuita wewe mwanangu?"

Nikamtazama. Mdomo wake ulikuwa umebana, na shingo ameikaza anangoja. Nilikijua kile kitu. Nilikilea mwenyewe mwaka mzima kwenye kitanda kilekile, ubavuni kwake. Kumbe bibi mwenye maharage na watoto na makofi ya watu, bado anaulizia ukoko.

"Hapana," nikamwambia. "Mpaka anakata roho aliniita wewe binti. Mwanangu alikuwa mmoja tu."

Safari hii sikuapa. Uso wa Anjelina ukalegea, akatikisa kichwa na kutabasamu akitazama chini, tabasamu la mtu aliyepewa chakula chake mkononi. Akanishika kiganja, akanitilia kile kiberiti, akakunja vidole vyangu juu yake.

"Chukua, kawaweke kwenye milimau yako," akasema. "Na sabuni yako, dada, iache ndani."